Ujirani Unahitaji Kiwanja

Lalamiko moja limezoeleka Nairobi kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kulipinga: kwamba jiji limeua ujirani. Utalisikia kwenye matatu, kwenye mahubiri ya Jumapili, na hasa kwenye matanga ya mtu aliyeugua hadi akafa bila wa mlango wa pili kujua. Kila mara lawama huwaangukia watu wenyewe. Wamekuwa wabinafsi, husema wazee. Macho yao yako kwenye simu, kila mtu na hamsini zake. Mimi sikubali. Anayetaka kujua kwa nini ujirani unafifia asianze kwa kupima mioyo ya watu. Aende Eastlands, mashariki mwa jiji, atoke Jericho hadi Pipeline, atazame. Watu atakaowakuta huku na kule ni wale wale: mafundi, wauzaji wa mitumba, walinzi, walimu, makarani, vijana wanaosaka vibarua viwandani. Wengi wana ukoo katika mitaa yote miwili. Hata hivyo, Jericho mama humtuma dukani mtoto wa jirani bila kuomba ruhusa ya mtu, na Pipeline wapangaji wawili huweza kukaa milango inayotazamana mwaka mzima wasijuane majina. Kinachotofautiana ni ardhi iliyo mbele ya mlango. Ujirani una mahali unapofanyikia, na mahali hapo pakichukuliwa, huzorota hata kama nia ipo.

Tuanze na mitaa ya zamani. Kaloleni ilijengwa katikati ya miaka ya 1940, nyumba za mawe na paa za vigae, zikapangwa kuuzunguka ukumbi wa kijamii. Ziwani iliitangulia kidogo. Bahati, Maringo, Mbotela, Ofafa na Jericho zikafuata baadaye. Nyumba zenyewe ni ndogo, chumba kimoja au viwili, na katika mitaa kadhaa choo na bomba ni vya kushirikiana. Udogo huo ndio uliowatoa watu nje, na huko nje palikuwa na nafasi ya kuwapokea. Ukifungua mlango unakanyaga udongo, na ng'ambo ya udongo huo kuna mlango wa mwenzako. Kati ya milango hiyo ndipo nguo huanikwa, sukuma wiki hukatwa, nywele husukwa, redio husikilizwa na watu ambao hawakuinunua. Watoto hucheza michezo ya kati, bano na brikicho mbele ya macho ya kila mama aliye nje, na anayemrushia mwenzake jiwe hukaripiwa na aliye karibu, awe mamake au asiwe. Anayeamka mgonjwa hujulikana kabla ya saa nne kwa sababu mlango wake haujafunguka. Hakuna kamati iliyoyaanzisha mambo haya. Yaliota yenyewe kwa kuwa watu walionana kila siku wakifanya kazi zao, wala hawakulazimika kualikana.

Na matunda yake hayakuishia kwenye kusalimiana. Mashindano ya soka ya Koth Biro, yanayochezwa Ziwani mwisho wa mwaka tangu miaka ya 1970, yalikua kwenye kiwanja cha mtaa. McDonald Mariga na ndugu yake Victor Wanyama walikulia Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kabla ya mmoja kuichezea Inter Milan na mwingine Tottenham Hotspur. Sheng yenyewe, ambayo leo haikosi kwenye tangazo lolote la biashara linalowalenga vijana, wataalamu wengi wa lugha huiweka asili yake katika mitaa hii. Haishangazi. Mtoto aliyelelewa kwa Kijaluo, mwingine kwa Kikamba, mwingine kwa Kigikuyu na mwingine kwa Kiswahili cha Pumwani walitupwa kwenye kiwanja kimoja na mpira mmoja, ikawabidi waelewane kabla giza halijaingia. Jiji lililowatengea watoto hao mahali pa kuchezea lilipata lugha bila kugharimia chochote zaidi.

Hapa msomaji mwenye kumbukumbu atanizuia, na ana haki. Mitaa hiyo haikujengwa kwa upendo. Serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa rangi za watu, ikamweka Mwafrika mashariki, karibu na reli na viwanda, kama mkono wa kazi ambao ungerudishwa kijijini ukishachoka. Vyumba vingi vilikusudiwa mwanamume asiye na familia. Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliizingira mitaa ya Waafrika katika Operesheni Anvil, wakawachuja watu na kuwapeleka maelfu vizuizini, na uwazi ule ule ninaousifu uliwafaa askari katika msako wao. Yote haya ni kweli, na ninayaweka hapa ili mtu asidhani ninaililia enzi ya mkoloni. Lakini ukweli mwingine nao lazima uhesabiwe: wenyeji walikigeuza kiwanja hicho kuwa chao. Ukumbi wa Kaloleni uliojengwa ili Mwafrika apate burudani ya kumtuliza ukawa mahali pa mikutano ya siasa ya kudai uhuru. Kiwanja cha Kamukunji, kando ya Pumwani na Shauri Moyo, ndiko ulikoitishwa mkutano wa Julai 7, 1990 wa kudai vyama vingi, nayo serikali ilipoupiga marufuku na kuwakamata viongozi wake, wananchi walikwenda hivyo hivyo. Mahali pa wazi hapamtii aliyepatenga. Panawatii wanaopatumia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupatetea hata pale ambapo historia yake inauma.

Kisha watu wakaongezeka. Sensa ya 1962 iliikuta Nairobi na watu 266,795. Ya 2019 ilihesabu 4,397,073, na takriban tisa katika kila familia kumi wanaishi kwa kupanga. Miaka ya 1970 bado palikuwa na jitihada ya kwenda sambamba na ongezeko hilo. Buruburu ilijengwa kwa awamu, nyumba zikipangwa kuzunguka nyua ndogo ambako gari lilifika mwisho na watoto wakaanzia hapo. Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliotiwa saini 1975, iligawiwa viwanja takriban 6,000. Aliyepata kiwanja alijengewa choo na bomba, chumba akajijengea mwenyewe. Huko nako ziliachwa nyua katikati ya nyumba. Baada ya hapo mkono wa umma ulilegea, na ardhi ya umma ikaanza kuliwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokamilika 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini, ikiwemo iliyotengewa shule, masoko, barabara na viwanja vya michezo, ilivyogawiwa watu binafsi kama zawadi za siasa. Eastlands ililipia zawadi hizo kwa viwanja vyake.

Kilichoota baada ya hapo tunakifahamu. Umoja Innercore, Huruma, Tassia na Pipeline zimejaa maghorofa ya ngazi saba, nane, yaliyojengwa hadi ukingo wa ploti pande zote. Profesa Marie Huchzermeyer, katika kitabu alichokitoa 2011, aliyalinganisha na majumba ya kupanga ya Berlin ya karne ya 19, akaonyesha kwamba msongamano wa hapa umepita hata ule. Ingia ndani ya mojawapo saa sita mchana. Ukumbi mwembamba umewashwa taa kwa kuwa jua halifiki, milango imepangana kushoto na kulia, na mbele ya kila mlango kuna mtungi wa maji, jozi za viatu na ndoo ya takataka inayongoja siku yake. Vyumba vya katikati hupata hewa kupitia shimo linaloanzia chini hadi paani, na shimo hilo hilo hubeba harufu za jikoni, sauti za ugomvi na maji machafu ya anayeishi juu. Nguo huanikwa paani, na katika majumba mengi paa limekatwakatwa kwa waya kuwa vizimba vyenye kufuli, maana nguo ya mtu usiyemjua haina wa kuilinda. Chini, ambapo pangebaki nafasi, pana maduka. Mtoto hucheza kwenye ngazi hadi afukuzwe.

Katika nyumba ya namna hiyo, majirani hukutana wakati gani? Hukutana maji yanapokosekana, muziki unapozidi, takataka zinapomwagika. Yaani wanakutanishwa na kero tu, na hata kero hiyo hupelekwa kwa msimamizi wa ploti ambaye huenda mlango kwa mlango kama mjumbe kati ya nchi mbili zisizo na ubalozi. Kazi zote ndogo zilizokuwa zikiwakutanisha watu bila kusudi zimehamia ndani au zimefungiwa paani. Fikiria hasa msiba. Katika mtaa wenye kiwanja, mtu akifa hema hufungwa, viti huletwa kutoka nyumba mbalimbali, na jioni watu hukaa kuchanga pesa za kusafirisha mwili. Anayerudi kazini huliona hema, huuliza, huketi hata nusu saa. Katika ghorofa, mkutano huo wa mchango huitishwa hotelini mjini au kwenye ukumbi wa kukodi, na wanaokuja ni ndugu, watu wa kanisa na wa kazini, walioalikwa kwa ujumbe wa simu. Wa mlango wa pili hakuhudhuria kwa sababu hakujua. Kumwita mtu huyo mbinafsi ni kumwonea.

Wapo watakaosema ninawadharau watu wa Pipeline, kwamba huko nako kuna mahusiano mengi nisiyoyataja: vyama vya akina mama, vikundi vya WhatsApp vya wapangaji, makanisa ya orofa ya kwanza, vinyozi na vyumba vya mazoezi ambako wanaume husikilizana shida zao. Mtafiti Mario Schmidt ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2024, kuhusu wanaume wa Pipeline na uzito wanaoubeba, na anaonyesha jinsi wanavyotafutana katika sehemu kama hizo. Sikanushi hata kimoja. Ninachosema ni kwamba chama, kanisa na kikundi cha simu huwakusanya watu waliochaguana. Mtu huingia chama na wanaofanana naye kwa kipato, kwa kabila au kwa imani. Jirani hukumchagua, na hapo ndipo ilipo thamani yake katika nchi kama yetu, ambayo katika majuma ya mwanzo ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, iliona wapangaji wa Eastlands wakihama mitaa kwa kuhofia wa kabila jingine. Mitaa ya zamani nayo haikuwa safi katika hilo. Baadhi yake imekuwa na kabila moja lililozidi tangu ilipojengwa. Bado naamini kwamba mtu uliyemwona akiosha watoto wake kila asubuhi kwa miaka mitano ni vigumu zaidi kumgeuza kuwa adui kwa hotuba ya siku moja.

Na tutazame vizuri wapi mahusiano ya Pipeline yanaota kwa urahisi zaidi. Yanaota kwenye kibanda cha mama mboga. Pale mtu hungoja sukuma ikikatwa, huulizwa habari za mtoto aliyekuwa na homa, huandikiwa deni daftarini hadi mwisho wa mwezi. Mama mboga hujua nani amefutwa kazi kabla ya mwenye nyumba kujua. Lakini kibanda hicho kimesimama kwenye hifadhi ya barabara, kwa sababu ndiyo ardhi pekee iliyobaki, na kanjo, askari wa kaunti, wakija hukibomoa. Hata katika mitaa iliyojengwa bila kumwachia mtu nafasi, ujirani umekwenda kujitafutia kipande cha ardhi barabarani. Sijui ushahidi gani mwingine tunauhitaji.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi. Wazazi wengi wa Eastlands wakisikia kiwanja hawafikirii watoto. Wanafikiria base, vijana wanaokaa kwenye kona tangu asubuhi, bangi, simu zinazonyakuliwa jioni. Buruburu, nyua zilizokuwa wazi zimefungwa mageti na kuwekewa mlinzi, na siwalaumu wenye nyumba waliochoka kuibiwa. Hata hivyo, Dandora imetupa jibu ambalo halijapewa uzito unaostahili. Pale nyua za katikati ya nyumba zilikuwa zimegeuka majaa na maficho, hadi vijana wa mtaa huo huo, baadhi yao chini ya kundi la Dandora Transformation League, walipozizoa taka, wakapanda maua na miti, wakapaka rangi kuta, wakaanza kuwatoza wakazi ada ndogo ya usafi na ya kulaza magari. Waliokuwa wakiogopwa ndio wakawa walinzi. Kijana asiye na kazi yuko mtaani, kiwanja kiwepo kisiwepo. Ukimwondolea kiwanja humwondoi yeye, unamsogeza kwenye ngazi na vichochoro ambako hakuna mama anayemwona. Na mauaji ya vijana mikononi mwa polisi, ambayo vituo vya haki za jamii vya Mathare, Dandora na Kayole vimeyaandikia kwa miaka, si dawa ya usalama wa mtu yeyote.

Limebaki pingamizi ambalo hunyima usingizi kila mpangaji wa miji: ardhi haitoshi. Serikali husema nchi ina upungufu wa nyumba milioni 2, na imejiwekea lengo la kujenga 200,000 kila mwaka, kwa pesa zinazotokana pia na tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara. Nani ataacha kiwanja kikae bure wakati familia zinalala wanne, watano chumba kimoja? Swali hili lingenishinda kama urefu wa jengo ndio ungekuwa adui. Sipingi ghorofa. Singapore, ambako takriban watu wanane kati ya kila kumi wanaishi katika maghorofa ya serikali, tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakiliacha tabaka la chini la majengo mengi wazi kabisa, nguzo na sakafu tu, ili watoto wacheze, wazee wakae, na harusi na misiba ifanyike pale pale nyumbani. Nchi hiyo ni ndogo hata kuliko kaunti nyingi za Kenya na ardhi yake ni ghali mno, lakini ilihesabu nafasi hiyo kama sehemu ya nyumba. Shirika la UN-Habitat hupendekeza asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iwe maeneo ya wazi ya umma, mbali na barabara, na makao yake makuu yako Gigiri, ndani ya Nairobi hii hii. Maarifa hayajatukosa. Tunachokosa ni yule wa kumwambia mwenye ploti kwamba shilingi yake haiwezi kumeza hewa ya wengine. Aprili 2016 jumba la kupanga lilianguka Huruma, kando ya mto, likaua watu zaidi ya 50. Lilikuwa tayari limewekewa alama ya kubomolewa, na wapangaji walikuwa bado ndani. Mji unaoshindwa kusimamia msingi wa nyumba utasimamiaje ua?

Ninayaandika haya sasa kwa sababu mitaa ya zamani imo kwenye orodha ya kubomolewa. Makongeni, iliyojengewa watu wa reli, wapangaji wake waliahidiwa Sh150,000 kwa kila nyumba ili wahame na maghorofa yapande. Mitaa mingine ya kaunti inangoja zamu yake. Baadhi ya nyumba hizo zimechakaa vibaya, maji taka yanafurika, na mtu anayeishi ndani yake ana haki ya nyumba bora chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba. Simwambii akatae. Ila mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ilipokibomoa kijiji cha Pangani na kuwahamishia wenyeji Shauri Moyo, iliwahesabia vyumba na kusahau mengine yote waliyokuwa nayo. Hesabu za leo zinafuata njia hiyo. Matangazo hutaja idadi ya nyumba, idadi ya orofa, idadi ya ajira. Sijasikia tangazo linalotaja ukubwa wa kiwanja kitakachobaki, nani atakimiliki, na nani atazuia kisigeuzwe maegesho au duka baada ya miaka kumi.

Sheria inadai wananchi washirikishwe kabla ya miradi hii kuanza. Kwa hiyo wewe unayeishi Bahati, Maringo, Jericho au Ziwani, ukiitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, nenda, na usikubali kuonyeshwa picha ya ghorofa peke yake. Omba ramani ya chini. Uliza watoto watacheza wapi, hema la msiba litafungwa wapi, mama mboga atakaa wapi, na ardhi hiyo itaandikishwa kwa jina la nani. Jibu lisipokuwepo kwenye karatasi, usitie sahihi.